Kinyongo cha Bibi Yangu Si Jina la Ukoo

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, toa kitambulisho chako mfukoni ulisome jina lako kwa sauti. Kisha jiulize: ni nani aliyelitamka kwanza, siku ile alikuwa akimwambia nani, na moyoni mwake mlikuwa na shukrani au hasira? Ikiwa wewe ni mtu wa pwani ya Tanzania au Kenya, pengine utanijibu kwamba Juma ni Juma kwa kuwa alizaliwa Ijumaa, na mazungumzo yataishia hapo. Ikiwa wewe ni Mrundi kama mimi, swali hili huna pa kulikwepea. Majina yetu mengi ni sentensi. Yana kiima na kiarifu, yana kitenzi chenye viambishi vyake vyote, na mara nyingi yana mlengwa, yaani mtu fulani wa ng'ambo ya kijito aliyekusudiwa ayasikie kila jioni mama anapomwita mwanawe arudi nyumbani.

Katika miaka hii ya karibuni, hasa mjini, limeenea zoea ambalo wengi wanalisifu kuwa ni maendeleo. Watoto wote wa nyumba moja huandikwa kwa jina moja, la baba au la babu, nalo huitwa jina la ukoo. Kisha kila mmoja huongezewa jina lake dogo lililookotwa katika kalenda ya watakatifu au katika filamu. Nalipinga zoea hilo. Nalipinga nikiwa mwalimu wa Kiswahili, nikiwa baba, na nikiwa mwana wa mtu aliyeitwa Nzikobanyanka.

Kwa wewe usiyejua Kirundi, nianze na darasa fupi. Wapenzi wa soka wa Dar es Salaam wanamjua Saidi Ntibazonkiza, yule Saido aliyevaa jezi ya Yanga na baadaye ya Simba. Jina lake la pili huwatisha wengi kama kichaka cha miiba. Nalo ni ndugu wa damu wa Kiswahili chenu. Likate vipande: nti-ba-zo-n-kiza. Weka kando yake neno hili: ha-wa-ta-ni-okoa. Kikanushi kinatazamana na kikanushi, nafsi na nafsi, wakati ujao na wakati ujao, mtendwa na mtendwa, mzizi na mzizi. Hawataniokoa. Ni akina nani hawatamwokoa nani, tena kutoka katika nini? Hapo sarufi hunyamaza, na habari za nyumba fulani huanza.

Mengi ya majina hayo humsema Mungu, Imana kwa Kirundi. Hakizimana ni kusema kwamba aokoaye ni Mungu. Harerimana ni kwamba aleaye ni Mungu. Angalia kurera na kulea, utaona r ya kwanza imeipisha l kitini, na r ya pili imedondoka. Nsabimana ni naomba Mungu. Mara nyingine Mungu hatajwi kabisa, huachwa kiwakilishi tu kimsimamie: Niyonkuru, yeye ndiye mkuu, Ndayishimiye, jina la Rais Évariste Ndayishimiye, namshukuru yeye. Mrundi akilisikia hilo -yo- au hilo -yi- hahitaji kuuliza ni nani. (Na mtu akibatizwa Déogratias huku anaitwa pia Nshimirimana, basi amemshukuru Mungu mara mbili, kwa Kilatini na kwa Kirundi, pengine ili asikike pande zote.) Mengine ni habari tu: Nkurunziza ni habari njema. Mengine ni hesabu ya uzazi: pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili Butoyi, anayewafuata ni Ciza; wa saba huitwa Nyandwi, wa nane Minani, wa kumi Bucumi.

Kisha kuna majina ya uchungu, na hayo ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Mama aliyezika watoto wawili akapata wa tatu aliweza kumwita Nzikoruriho, najua kwamba kipo, na hiyo -ru- ni kifo chenyewe, urupfu, ambacho hakutaka kukitaja waziwazi juu ya kichwa cha mtoto mchanga. Mtu aliyeishi katikati ya fitina alimwita mwanawe Baranyanka, wananichukia. Mwanaisimu Philippe Ntahombaye alichapisha mwaka 1983 kitabu kizima kwa Kifaransa juu ya majina na watu wa Burundi, naye mwenyewe alibeba jina ambalo neno kwa neno linasema hakuna mahali nilipokaa. Sijui kama yuko mtaalamu mwingine duniani aliyebeba ushahidi wa utafiti wake katika jalada la kitabu chake.

Majina ya uchungu si ujinga wala ushenzi, kama walivyodhani baadhi ya wamisionari. Yalikuwa njia ya kusema jambo lisilosemeka barazani. Mwanamke asiye na sauti mbele ya wakwe zake alikuwa na sauti katika jina la mwanawe. Maskini aliyedhulumiwa na mkubwa hakuweza kumshtaki, lakini hakuna aliyeweza kumkataza kumwita mtoto wake aje kula. Ndugu zetu wa Tanzania wanalijua hilo vizuri, maana wao wenyewe wana akina Shida, Tabu, Mashaka na Sikujua. Tofauti yetu ni kwamba sisi tuliandika sentensi nzima pale wao walipoandika neno.

Lakini sentensi hiyo ilikuwa na mwisho wake. Hapa ndipo hoja yangu ilipo, na nakuomba usiiruke. Jina la Mrundi lilikuwa la mtu mmoja. Alipewa yeye, kwa tukio lake, na alipokufa lilikwenda naye. Mwanawe alipewa jina lingine kwa tukio lingine. Hata ikulu haikuwa na jina la ukoo kwa maana hii mpya. Majina ya utawala ya wafalme yalizunguka kwa zamu, Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha yakaanza upya. Hayo yalikuwa ya kiti cha enzi, hayakuwa ya watoto. Mwambutsa wa Nne alikuwa na wana wawili ambao historia inawakumbuka zaidi. Mmoja ni Louis Rwagasore, shujaa wa uhuru wetu, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Mwingine ni Charles Ndizeye, aliyetawala kwa muda mfupi mwaka 1966 kwa jina la Ntare wa Tano. Baba mmoja, mfalme, na hakuna hata mmoja wao aliyeitwa kwa jina lake. Yule Baranyanka niliyemtaja, mtwale mashuhuri wa enzi ya Wabelgiji, wanawe waliingia katika siasa wakijulikana kwa majina ya Biroli na Ntidendereza. Habari za nyumba hizo mbili ni ndefu na chungu, sizigusi hapa. Natazama majina tu, na naona kwamba "wananichukia" ya baba haikuandikwa katika vipaji vya nyuso za wana.

Sasa nikueleze ya nyumbani kwetu.

Bibi yangu mzaa baba aligombana na jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba la migomba. Shauri lilipelekwa kwa abashingantahe, wazee waamuzi wa kilima, na bibi akashindwa. Miezi michache baadaye akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Nzikobanyanka. Ni sentensi ya maneno matatu yaliyofungwa pamoja: nzi ko banyanka, najua kwamba wananichukia. Kwa miaka mingi jina hilo lilipigiwa kelele kila jua lilipotua, kuelekea upande ule ule wa shamba. Jirani naye alijibu kwa jina la mwanawe aliyezaliwa baadaye. Sitalitaja, kwa kuwa mwenyewe yu hai, ni mzee mwema, na ndiye aliyenikopesha baiskeli niliyoendea shule ya sekondari.

Nilipofika umri wa kuanza shule, baba alinishika mkono akanipeleka kuandikishwa. Mwalimu aliyekuwa na daftari akamwuliza jina lake, akataka kuliandika mbele ya langu. Baba akamzuia. Akasema, "Hilo ni langu. Huyu mpaka ule hakuukuta." Nilikuwa mdogo, sikuelewa. Nilielewa nilipokuwa mtu mzima, siku ya mazishi yake, nilipowaona wana wa jirani wakilibeba jeneza pamoja nasi. Ugomvi ulikuwa umezeeka pamoja na waliouanzisha, na ulikuwa unakaribia kuzikwa.

Kaka yangu mkubwa akaufufua. Simlaumu nia yake. Ni mtu mpole, alinilipia karo ya chuo cha ualimu, na haya ninayoyaandika nimekwisha kumwambia mbele ya macho yake. Alipooa akakaa mjini, alitaka nyumba yake iwe na jina la ukoo kama nyumba za watu wa kisasa. Akaona njia nzuri ya kumuenzi marehemu ni kuwaandika wanawe wote wanne kwa jina lake. Majina yao madogo yanatoka katika runinga. Kwa hiyo leo, ndugu msomaji, kuna watoto wanne wanaokula mkate na chai kila asubuhi, wasiojua shamba lile liko upande gani wa kilima, na kila mmoja wao katika daftari la darasa anaitwa Najua-kwamba-wananichukia.

Kirundi ni lugha ya mama kwao. Hakuna wa kuwaficha maana. Mwaka jana mmoja wao, wa miaka minane, alinijia nikiwa nasahihisha insha, akauliza, "Baba mdogo, ni akina nani wanaonichukia?"

Nilimwambia hakuna. Akanitazama kama mwanafunzi anayemwona mwalimu amekosea ubaoni, akasema, "Lakini imeandikwa."

Huo ndio uovu wa zoea hili, na naliita uovu bila kuomba radhi. Linachukua kauli ya mtu mmoja aliyekuwa na sababu yake, linaifanya mali ya kurithiwa na watu wasio na sababu yoyote. Bibi alikuwa na haki ya kuwa na kinyongo. Baba alikibeba kwa kuwa alizaliwa ndani yake. Wajukuu wanakibeba kwa sababu ya fomu.

Watetezi wa jina la ukoo wana hoja zao, na ni haki yao zisikilizwe. Ya kwanza ni kwamba ulimwengu wa leo unalitaka. Nimeisikia hoja hiyo katika ofisi, katika mikutano ya wazazi, hata kwa walimu wenzangu: watu waliostaarabika wana jina la ukoo, wasio nalo wamebaki nyuma. Hebu tuutazame huo ulimwengu. Waturuki hawakuwa na majina ya ukoo yaliyolazimishwa na sheria hadi Juni 1934, Bunge lilipopitisha sheria ya kumtaka kila raia ajichagulie. Mwezi Novemba mwaka huo huo Mustafa Kemal akapewa la kwake, Atatürk, baba wa Waturuki. Wakati huo alikuwa amekwisha kushinda vita, kuasisi jamhuri na kubadilisha hati ya maandishi, yote hayo bila jina la ukoo. Mwingereza anayeitwa Smith alirithi kazi ya uhunzi ya babu asiyemjua, naye hajawahi kushika nyundo. Majina hayo yaligandishwa kwa haja za serikali: kodi, jeshi, mirathi. Si vibaya serikali kuwa na haja. Vibaya ni sisi kuiita haja ya karani kuwa ni ustaarabu.

Tena wako waliokataa. Waaisilandi, watu matajiri na wasomi wa kaskazini ya mbali, hadi leo wengi wao hawana jina la ukoo. Rais wao wa tangu 1980 hadi 1996 aliitwa Vigdís Finnbogadóttir, yaani Vigdís binti Finnbogi. Kaka wa mtu kama huyo ni Finnbogason, mwana wa Finnbogi. Kitabu chao cha simu kilikuwa kikipanga watu kwa jina la kwanza. Karibu nasi, Mwethiopia hubeba jina lake kisha la baba yake: Abiy Ahmed ni Abiy, na Ahmed ni baba. Na Waswahili wenyewe, je? Tembea Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura, umwulize mzee jina lake kamili. Atakwambia Saidi Juma Ramadhani, na hayo ni majina ya watu watatu, kila mmoja na lake: yeye, baba yake, babu yake. Mwanawe atamwacha Ramadhani nyuma na kuanza na lake mwenyewe. Huo ni mnyororo unaosogea, kila kizazi kinaongeza pete moja na kuachia nyingine. Sijasikia mtu akisema Mswahili hajastaarabika. Na akisema, asiniombe chai.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami siidharau. Mama anasafiri na mtoto, majina yao hayafanani, mpakani au uwanja wa ndege anaulizwa kama mtoto ni wake kweli. Usumbufu huo upo. Ulizidi tulipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na watu wakaanza kuvuka mipaka kwa wingi zaidi, wakikutana na fomu zenye vyumba viwili tu. Lakini tafakari: karangamuntu yetu ina mstari wa jina la baba na mstari wa jina la mama. Cheti cha kuzaliwa kina wote wawili. Ushahidi wa kwamba mtoto ni wa nani umekwisha kuandikwa, tena kwa ukamilifu kuliko jina la ukoo linavyoweza, maana jina la ukoo humtaja baba na kumfuta mama. Kwetu mwanamke akiolewa hulihifadhi jina lake. Zoea hili jipya linamwacha yeye peke yake mezani mwake na jina lisilofanana na la mtu yeyote, kama mgeni. Kama fomu haitoshi, irekebishwe fomu. Kiatu kikibana, fundi hupanua kiatu.

Kuna jambo la tatu, ambalo watu wa hapa hulinong'ona tu, nami nitalisema kwa sauti ya kawaida. Jina la Kirundi halimtaji mtu kabila. Hakizimana anaweza kuwa Mhutu, anaweza kuwa Mtutsi, anaweza kuwa Mtwa. Jina lake halikwambii, wala halikwambii ukoo wake. Ndivyo ilivyo na kwa jirani zetu wa Rwanda. Wabelgiji walipotaka watu wajulikane walipaswa kuwaandikia kabila katika kitambulisho, miaka ya 1930, na mwaka 1994 waliosimama vizuizini waliwadai watu kadi hizo. Walizihitaji kwa kuwa jina halikuwatosha. Sisemi jina lilimwokoa mtu. Miaka ya 1972 na 1993 waliouawa hapa kwetu walitambuliwa kwa njia nyingine, na wauaji hawakukosa njia. Nasema tu kwamba katika nchi yenye historia kama yetu, jina linalomsema mtu bila kuusema mlango aliotokea ni tunu. Liunganishe na ukoo kwa vizazi vitatu, na mjukuu wa mjukuu wako atasomeka kama kibao cha barabarani. Wanaoleta jina la ukoo hawana nia hiyo, najua. Mimi nazungumza juu ya kile kitakachobaki wao wakiwa hawapo.

Sasa nikiri jambo linalonisumbua katika hoja yangu mwenyewe. Mtanzania mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona sisi tuna Nyerere?" Ni swali zuri. Baba wa Mwalimu Julius, mtemi wa Wazanaki, alipewa jina la Nyerere kwa sababu alizaliwa wakati viwavijeshi vimevamia nchi. Jina hilo ndilo jina la wadudu hao kwa Kizanaki. Mwanawe aliitwa Kambarage, akabatizwa Julius mwaka 1943, akaenda duniani na jina la baba likiwa mwishoni. Leo nani akisikia Nyerere anakumbuka viwavi? Mbebaji amelisafisha. Kwa hiyo nakubali kwamba jina la kurithi laweza kupata maana mpya, na kwamba kuna watoto watakaolibeba Nzikobanyanka kwa fahari. Lakini tazama tofauti. Viwavi vilikuwa tukio la nchi nzima, havikuwa shutuma dhidi ya jirani. Tena Watanzania wengi hawasemi Kizanaki, kwa hiyo jina liliwafikia likiwa sauti tupu, wakalijaza wenyewe. Mtoto wa kaka yangu halijazi jina lake. Amelikuta limejaa.

Wala usinielewe kwamba nataka sheria ya kukataza majina. Ndugu zetu wa Kongo walionja hiyo. Mwaka 1972 Mobutu, aliyekuwa Joseph-Désiré, alijivua majina ya ubatizo akawaamuru raia wa Zaire wote wavue ya kwao, na padri aliyebatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo. Kardinali Malula alipinga, akalazimika kuishi Roma kwa muda. Uhalisi, ndivyo walivyouita. Yaliyokuwemo katika wazo hilo yalikuwa na chembe ya haki, kwa maana si kosa Mwafrika kuitwa kwa lugha yake. Yaliyokuwemo katika amri yalikuwa ni rungu. Watu walijificha nyumbani wakiitana Pierre na Marie kwa sauti ya chini. Serikali inayoingia chumba cha mzazi na kumchagulia mtoto jina haina tofauti kubwa na karani anayemlazimisha mzazi aandike lake. Mmoja ana bunduki, mwingine ana fomu.

Ninachotaka ni kidogo kuliko hicho. Nataka wewe mzazi, unapokwenda kuandikisha mtoto, umpe sentensi yake. Mwangalie, kumbuka siku aliyozaliwa, sema kitu. Kama ni shukrani, shukuru. Kama mvua ilinyesha baada ya ukame, iseme mvua. Na kama una kinyongo, uwe nacho, wewe ni binadamu, lakini kipeleke kwa wazee au mahakamani, mahali ambapo kitapata jibu. Kwa wale wanaotunga fomu, ombi langu ni mistari mitatu: jina la mtoto, jina la baba, jina la mama. Mistari hiyo mitatu inatosha kumwongoza askari wa mpakani yeyote anayejua kusoma.

Binti yangu alipozaliwa nilikwenda katika ofisi moja ya kuandikisha vizazi. Nikampa karani jina lake: Irakoze, maana yake Mungu ametenda mema, ndivyo nasi tunavyoshukuru. Akaliandika mahali pa jina dogo. Akauliza, "Na jina la ukoo?" Nikamwambia hatuna. Akanionyesha kwa kalamu chumba kitupu katika fomu, akasema hakiwezi kubaki kitupu. Nikamwomba alihamishie Irakoze pale, na juu aache. Tukabishana kwa upole, foleni nyuma yangu ikikohoa. Mwishowe akaandika nilivyotaka, akagonga muhuri, kisha akaniuliza kwa uchovu, "Na wa pili akizaliwa, ukoo utajulikanaje?" Nikamwambia wa pili akizaliwa nitakuja na jina lingine. Alizaliwa, nikaja, nikamkuta yeye yule. Hakuuliza tena.

Kwa upande wa kaka yangu, nimemletea maelezo ya namna ya kuomba mahakamani marekebisho ya vyeti vya watoto. Ni shughuli ndefu na ina gharama, nami nimeahidi kuchangia nusu. Karatasi ziko juu ya kabati lake tangu Pasaka. Anasema nikiliondoa jina la baba kwa wajukuu nitakuwa nimemzika mara ya pili. Nami humjibu kwamba baba mwenyewe alilikataza, mbele yangu, akiwa amenishika mkono. Kaka hakuwapo siku ile, alikuwa amekwenda malishoni, na hadi leo hana uhakika kama naisimulia kweli. Haya nayo atayasoma. Najua atapiga simu usiku, na nitapokea.